Nina kesi ya zamani ya wizi wa kuaminiwa na nataka kuomba chuo cha uuguzi. Niandike au ninyamaze?

Binti_Isyonje

Wakuu habari za jioni. Wakubwa wote shikamooni. Huwa napita humu kusoma tu, leo ndiyo mara ya kwanza naanzisha uzi, mnivumilie nikikosea.

Naishi Ilomba, Mbeya mjini, nina miaka 24. Kidato cha nne nilimaliza 2018: Baiolojia C, Kiingereza C, Kiswahili C, Kemia D, Fizikia D, Hesabu tuiache ilale. Nataka diploma ya uuguzi na ukunga. Sifa ninayo, maana wanataka ufaulu wa angalau D nne, masomo ya dini hayahesabiwi, na lazima Baiolojia, Kemia na Fizikia ziwemo.

Kikwazo ni hiki. Mwaka 2021 nilikuwa nakaa kwenye kibanda cha uwakala wa pesa pale Mwanjelwa, kibanda cha mama mmoja. Floti ikapungua 1,380,000. Yule mama akaenda polisi. Nikalala mahabusu siku mbili, nikapelekwa Mahakama ya Wilaya. Mjomba akaniambia wewe kiri tu yaishe, nikakiri. Hakimu akasema nirudishe hela, nisirudie, niende nyumbani. Mama yangu akauza viazi vya msimu mzima, tukalipa kidogo kidogo mpaka ikaisha. Sikufungwa hata siku moja, kwa hiyo kesi ilifutwa.

Sasa nimechukua fomu ya chuo kimoja cha misheni huku huku kusini. Ukurasa wa tatu kuna swali: "Je, umewahi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai? Ndiyo/Hapana. Kama ndiyo, eleza." Nafasi ya kueleza ni mistari miwili. Rafiki yangu anasema weka Hapana, nani atajua. Mama anasema tuombe Mungu kwanza. Mimi wiki ya pili sasa fomu iko chini ya godoro.

Naombeni mawazo ya wanaojua. Matusi hapana, tafadhali.

Chai_ya_Rungwe

Ngoja waje wenye fani zao. Mimi nimeshika kikombe changu hapa, nasoma.

Mzee_wa_Soweto

Marahaba binti. Utanisamehe, mimi sipaki mafuta. Ulikula hela ya mtu aliyekuamini, leo unataka uwe nesi? Mgonjwa amelala hajitambui, simu iko chini ya mto, pochi iko kwenye kabati la kitanda, na wewe ndiye uko zamu usiku. Kazi zimejaa. Kalime parachichi Tukuyu, zina soko.

Ndaga_Fijo

Mzee shikamoo. Kwa hiyo aliyekosea akiwa na miaka 20 akae na kosa mpaka kaburini? Hela imerudishwa yote. Kuna watu wamekula za halmashauri na hawajarudisha hata mia, na wanakaa meza kuu kwenye harusi zetu.

Mzee_wa_Soweto

Sijasema afe. Nimesema asiwe nesi.

Chai_ya_Rungwe

Mzee leo ameamka na upande wa ukuta 😂

Wakili_Uyole

Binti, kabla hatujafika kwenye ndiyo na hapana, jibu haya matatu.

Moja: una karatasi yoyote ya mahakama mkononi, au unasimulia unavyokumbuka? Mbili: hakimu alipokwambia nenda nyumbani, alitaja muda, mfano miezi 12? Tatu: kule polisi ulipakwa wino vidoleni?

Nauliza kwa sababu umeandika "kesi ilifutwa", na simulizi yako haifanani na kesi iliyofutwa. Kesi ikiondolewa na upande wa mashtaka, au mlalamikaji akikosa kuja mpaka hakimu akaifunga, hukutiwa hatiani. Wewe umesema ulikiri. Ukikiri na hakimu akaridhika kwamba umekiri kosa lote, anakutia hatiani hapo hapo. Kinachofuata ni adhabu, na adhabu inaweza kuwa kifungo, faini, huduma kwa jamii, au kuachiwa kwa masharti kwamba usitende kosa lingine kwa muda usiozidi miezi 12. Hiyo ya mwisho inatoka kwenye Kanuni ya Adhabu, na nadhani ndiyo uliyopewa.

Huku mtaani yote tunaita "kesi". Fulani ana kesi, fulani alikuwa na kesi, imeisha. Karatasi ina maneno matatu tofauti: kushtakiwa, kutiwa hatiani, kufungwa. Fomu yako imeuliza la katikati. Haijauliza kama ulifungwa.

Binti_Isyonje

Asante sana kaka wakili. Karatasi sina, nina stakabadhi tu za kulipa. Miezi 12 nakumbuka aliitaja ila nilidhani ndiyo muda wa kulipa deni. Wino nilipakwa, mikono yote miwili.

Mwili umeniishia nguvu.

Kamanda_wa_Mafaili

Dada usihangaike na hawa wasomi. Njoo PM. Nina mtu wa uhakika, alama za vidole zinatoka kwenye mfumo, jina linakuwa safi kabisa. Laki tatu tu, nusu sasa nusu kazi ikiisha.

Wakili_Uyole

Binti, usiende huko. Atakula laki na nusu ya kwanza halafu laini haipatikani. Na hata angekuwa mkweli, hiyo ni rushwa, na kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 mtoaji na mpokeaji wote wana kosa. Akikuletea cheti cha polisi alichokichapisha steshenari, kukitumia ni kosa jingine, na kughushi kunaweza kukupa hadi miaka 7. Utaondoka na kosa moja la miaka minne iliyopita, urudi na matatu mapya.

Ndaga_Fijo

Kamanda wa Mafaili amejiunga juzi, ana komenti mbili, zote "njoo PM". Wasimamizi mpo?

Mwalimu_wa_Wodi

Nimeuona huu uzi usiku, nikasema nitajibu kukicha. Nafundisha uuguzi, nimepita vyuo viwili vya Nyanda za Juu Kusini, mwaka huu ni wa kumi na nane.

Binti, milango iko mitatu na kila mmoja una bawabu wake. Wa kwanza ni chuo. Ukiomba vyuo vya serikali unapitia mfumo wa pamoja wa NACTVET, lile baraza la elimu ya ufundi, unaweka namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, matokeo yanakuja yenyewe. Vya binafsi na vya misheni vingi unaomba moja kwa moja, na kila kimoja kina fomu yake, ndiyo maana chako kina swali hilo na cha jirani hakina. Wa pili ni Baraza la Uuguzi na Ukunga. Chuo kinakupa cheti cha kuhitimu, leseni hakikupi. Unafanya mtihani wa Baraza, unasajiliwa, ndipo unakuwa nesi. Wa tatu ni mwajiri. Watu wengi wanapigana kufa na kupona na bawabu wa kwanza, wanasahau kwamba alichoandika kwake kitasomwa na wa pili na wa tatu.

Sasa nimjibu Mzee wa Soweto, maana watu wamemcheka na mimi simcheki. Wodini kuna kabati la DDA, la dawa zinazodhibitiwa kisheria. Morfini na pethidini zinakaa humo, kwa kufuli, na funguo anatembea nazo nesi wa zamu. Kila ampulu ina mstari wake kwenye daftari: jina la mgonjwa, kiasi, saa, aliyechoma, aliyeshuhudia. Zamu inapobadilika tunahesabu wawili. Ikipungua moja hatuondoki, hata kama gari la wafanyakazi limepiga honi mara tatu. Mwanafunzi anaanza kuiona kazi hiyo mapema sana. Kwa hiyo kwetu sisi wizi wa kuaminiwa unauma kuliko ngumi za baa. Kijana aliyepigana kilabuni nikimweka wodini nitalala usingizi. Aliyepoteza floti, nitataka kujua kwanza.

Na hapo ndipo nina swali kwako, binti yangu. Umeandika "floti ikapungua". Floti haina miguu. Ilikwenda wapi?

Chai_ya_Rungwe

Mwalimu 🙌 kikombe kimepoa kwa kusoma.

Nyoka_Mkia

Naombeni kuuliza nje ya mada, diploma ya afya mkopo upo? Nina mdogo wangu.

Mwalimu_wa_Wodi

Upo. Bodi ya Mikopo ilianza kuwapa wa diploma mwaka wa masomo 2023/24, na afya imo. Anzisha uzi wako, huu tumuachie mwenyewe.

Tabibu_Mafinga

Kamwene wakuu. Nimesita sana kuandika ila acha niandike, jina langu hamlijui.

Mimi ni afisa tabibu. Nilipokuwa na miaka 21, msimu wa ulanzi, tuligombana kilabuni na jamaa kwa sababu ambayo leo hata siikumbuki vizuri. Nilimpiga na chupa, akashonwa nyuzi kichwani. Kujeruhi, mwaka mmoja. Nikatumikia miezi minane baada ya theluthi kupunguzwa, nikilima mahindi ya Magereza kwenye baridi ambayo wa Mafinga mnaijua. Niliporudi kijijini mama aliniwekea maji ya kuoga nje ya nyumba, nivue nguo za kule kabla ya kuingia ndani. Hakusema kitu kingine.

Nilipoomba chuo, fomu yangu haikuuliza. Nikanyamaza. Mwaka wa pili akaja mwanafunzi mpya kutoka kata yetu, habari ikafika bwenini, kutoka bwenini ikafika kwa matroni, kutoka kwa matroni ikafika ofisini. Nikaitwa kwenye kikao cha nidhamu. Watu saba mezani, mimi kwenye kiti peke yangu, nikahisi nimerudi kizimbani. Mkuu wa chuo akaomba fomu yangu iletwe, akaisoma yote mbele yao, kurasa zote, akasema: "Hatukumuuliza, kwa hiyo hakutudanganya." Kikao kikaisha hivyo.

Dada, mimi niliokolewa na swali ambalo halikuwepo. Lako lipo, ukurasa wa tatu. Ungekuwa mimi na umeandika Hapana, yule mkuu wa chuo angeisoma fomu hiyo hiyo na jibu lingekuwa jingine.

Wakati wa usajili nilijaza kila nilichoulizwa, nikaambatanisha nakala ya hukumu na hati ya kutoka gerezani. Nikasajiliwa. Ajira ya serikali nimeomba mara mbili sijapata, na siwezi kuapa kwamba ni sababu ya jela, maana tulioomba tulikuwa wengi kama siafu na wasio na kesi nao wamekosa. Nipo zahanati ya mtu binafsi Iringa. Nashona vichwa vya watu waliopigwa chupa.

Ndaga_Fijo

Hiyo sentensi ya mwisho mkuu 🥺

Mzee_wa_Soweto

Tabibu, ahsante kwa kusema.

Kaka_wa_Mbozi

Na mimi nina la kuuliza kwenye mstari huu huu. Mdogo wangu akiwa na miaka 15 alipelekwa Irambo, hapo Mbeya, akakaa. Sasa ana 19 na anataka maabara. Naye aandike alifungwa?

Wakili_Uyole

Hapana, hakufungwa. Irambo ni shule ya maadilisho, siyo jela. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema wazi mtoto hahukumiwi kifungo, na mtoto ni yeyote chini ya miaka 18. Kesi yake nayo husikilizwa na mahakama ya watoto, siyo mbele ya umati. Kama fomu inauliza "umewahi kufungwa", jibu lake ni hapana na halimpi dhambi. Kama inauliza kwa maneno mengine, niandikie maneno yenyewe yalivyo, usiyafupishe. Na asikubali mtu amwite mfungwa wa zamani, hata kwa utani wa mtaani.

Mnyalukolo_Ughaibuni

Salamu kutoka Uingereza. Mimi ni nesi huku. Wengi mnadhani ukitoka nje unaacha kila kitu Namanga. Huku kuna sheria ya mwaka 1974 inayosema kosa la zamani likipita muda fulani linahesabika limekwisha, huna haja ya kulitaja ukiomba kazi ya dukani. Lakini kazi za kuhudumia wagonjwa zimetolewa kwenye nafuu hiyo. Sisi tunakaguliwa kwa kina zaidi, na mwanafunzi wa uuguzi anakaguliwa kabla hajakanyaga wodi. Aliyekulia nje huulizwa na cheti cha polisi cha alikotoka. Kwa hiyo binti kama una ndoto za kuja huku siku moja, lile jibu la ukurasa wa tatu litapanda ndege na wewe.

Kuna mdada tulianza naye darasa moja, alikuwa na kosa la kuiba nguo dukani akiwa na miaka 19. Alilisema mwenyewe siku ya usaili. Tumehitimu pamoja. Mwingine hakusema, likaonekana kwenye ukaguzi. Yeye hatukuhitimu naye, na kosa lake lilikuwa dogo kuliko la yule wa kwanza.

Binti_Isyonje

Nimesoma yote. Nimelia kidogo, nimenawa uso, nimerudi.

Mwalimu umeniuliza floti ilikwenda wapi. Sijawahi kumwambia mtu, hata mama. Laki nane nilimpa mchumba wangu wa wakati huo, alisema ana mzigo wa mchele Kyela, unafika Jumatatu, atarudisha asubuhi kabla sijafunga hesabu. Jumatatu ikapita. Nikaanza kuziba: mteja akiweka hela naingiza nusu, nyingine nazibia ya jana. Mara mbili nikajaribu kubeti nirudishe. Hiyo ndiyo laki tano na themanini iliyobaki. Yule mama mwenye kibanda hakunionea. Kwa miaka minne nimekuwa nikisema ilipungua.

Kesho nakwenda mahakamani kuomba nakala.

Mzee_wa_Soweto

Binti, nilisema kalime parachichi. Bado nasema parachichi ni zuri. Lakini nimekusoma.

Mwalimu_wa_Wodi

Sasa tunaongea. Nenda mapema kabla mahakimu hawajapanda, makarani wanakuwa na nafasi. Beba kitambulisho cha NIDA, tarehe uliyofikishwa mahakamani hata ya kukadiria, na majina yako yote kama yalivyoandikwa kwenye hati ya mashtaka. Wengi huandikwa jina la baba vibaya, jalada linatafutwa siku nzima.

Binti_Isyonje

MREJESHO.

Nimekwenda mara tatu. Siku ya kwanza karani alitafuta kwa jina hakuona, kweli walikosea jina la baba, herufi moja. Siku ya pili likaonekana. Leo nimepewa nakala, kurasa nne.

Kaka wakili ulikuwa sahihi. Imeandikwa wizi wa kuaminiwa. Imeandikwa nimekiri kosa, mahakama imenitia hatiani kwa kukiri kwangu mwenyewe. Halafu kwamba ni mkosaji wa mara ya kwanza, umri mdogo, nimejutia, kwa hiyo nimeachiwa kwa masharti ya kutotenda kosa kwa miezi 12 na nimlipe mlalamikaji 1,380,000. Neno "kufutwa" halipo popote. Nilisoma nikiwa nimekaa kwenye benchi la nje pale, nikarudia mara mbili.

Stakabadhi za malipo ziko tano, nimepata nne. Ya tano panya wamekula nusu, tarehe inaonekana ila kiasi hakionekani. Nimemfuata yule mama wa kibanda. Sikuwahi kumtazama usoni tangu 2021. Ameandika kwa mkono wake kwamba alilipwa yote, akaweka sahihi na namba yake. Aliniuliza kama nimeolewa. Nikamwambia bado. Akasema afadhali, yule hakuwa mtu.

Swali langu kwa wakili: naweza kukata rufaa kuondoa kutiwa hatiani?

Wakili_Uyole

Hongera kwa safari tatu, wengine wanaishia moja.

Rufaa: kutoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu unatoa taarifa ya kusudio ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Wewe umepitwa na miaka. Unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini utatakiwa ueleze ulichelewa kwa sababu gani, na "sikusoma hukumu" siyo sababu ya kupendeza. Jingine zito zaidi: aliyekiri kosa mwenyewe hana rufaa dhidi ya kutiwa hatiani, isipokuwa dhidi ya uhalali au ukubwa wa adhabu. Mahakama zimefungua mlango mdogo pale ambapo kukiri kulikuwa na utata, au mtu alikiri bila kuelewa shtaka. Wewe mwenyewe umetuambia hapa ulichukua. Siwezi kukushauri uende ukaape kinyume.

Halafu hesabu na hili. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinawekwa kwenye tovuti ya TanzLII, mtu yeyote mwenye simu anazisoma. Leo kosa lako liko kwenye jalada la karatasi ambalo hata karani alilitafuta siku mbili. Ukikata rufaa ukashindwa, jina lako litakaa intaneti.

Ulichonacho ni kizuri kuliko unavyofikiri: hukumu inayosema mkosaji wa mara ya kwanza, miezi 12 imepita bila kosa, deni limelipwa, na mlalamikaji ameandika kwa mkono wake. Toa vivuli viwili vya kila karatasi. Ukitaka mtu wa kukusaidia kuandika barua bila malipo, wasaidizi wa kisheria wapo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako.

Ndaga_Fijo

Na akiandika Ndiyo chuo kikamkataa?

Mwalimu_wa_Wodi

Kinaweza kumkataa. Sitamdanganya. Kuna wakuu wa vyuo wakiona Ndiyo wanageuza ukurasa, hawasomi maelezo. Ataomba kingine, na mwaka ujao tena. Kupitia mfumo wa pamoja pia aombe, asiweke mayai yote kwenye kapu moja.

Na ajira ya serikali asome tangazo lote, siyo cheo na mshahara tu. Yapo yanayotaka mtu asiye na rekodi ya jinai. Tabibu hapo juu amesema ukweli wake, nao ni sehemu ya bei.

Lakini nakumbuka 2017, uhakiki wa vyeti. Watumishi zaidi ya 9,900 walitajwa kwa vyeti vya kughushi. Nilimjua mmoja, nesi wa miaka mingi, mikono yake ya kuzalisha sijaiona kwa mwingine. Hakuna mgonjwa aliyewahi kumlalamikia. Karatasi moja ya ujanani ikamtoa, na hakuna aliyeuliza habari za mikono. Sitaki mwanafunzi wangu alale na karatasi ya namna hiyo chini ya godoro.

Binti, lete hiyo mistari miwili tuione.

Binti_Isyonje

Nimeandika na penseli kwanza:

"Ndiyo. 2021 kwa bahati mbaya nilitiwa hatiani kwa wizi wa kuaminiwa baada ya floti ya mwajiri wangu kupungua. Nilikiri, niliachiwa kwa masharti, na hela ililipwa yote. Mimi ni mtu mwaminifu na mcha Mungu."

Tabibu_Mafinga

Toa "mcha Mungu". Mimi niliandika hivyo hivyo kwenye barua yangu ya kwanza, padri mwenyewe akanicheka.

Mwalimu_wa_Wodi

Na "mwaminifu" toa, hilo watalisema wao. Na "kupungua" imerudi tena.

Binti_Isyonje

😅 Nimeiona. Hii hapa:

"Ndiyo. 2021, Mahakama ya Wilaya, wizi wa kuaminiwa. Kwa bahati mbaya nilichukua 1,380,000 za mwajiri wangu. Nilikiri, nikaachiwa kwa masharti ya miezi 12, nimelipa zote. Nakala ya hukumu, stakabadhi na barua ya mlalamikaji nimeambatanisha."

Wakili_Uyole

Kwangu imekaa sawa. Ongeza namba ya kesi.

Mzee_wa_Soweto

Ikikubaliwa utuambie. Ikikataliwa pia utuambie.

Mwalimu_wa_Wodi

Futa "kwa bahati mbaya". Halafu chukua kalamu ya wino.